Uso wa Mpiga Gambusi

Tanuri la mkate la mtaa wetu, ng'ambo ya magharibi ya Luxor, lina madirisha mawili, la wanaume na la wanawake, na kila Alhamisi asubuhi yote mawili huwa vita. Watu husukumana, hutukaniana mababu, huombana radhi, kisha husukumana tena. Ukishapata mikate yako unaitandaza kwenye chanja iliyo nje ili ipoe, maana ukiifunga na moto wake hutoa jasho ikalowa yote. Hapo kwenye chanja ndipo dirisha la wanaume na la wanawake hukutana, na hapo ndipo balaa lote hili lilipoanzia.

Shadhili alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kanzu yake ya kijivu imepauka mabegani, na vidole vyake vilikuwa vya buluu kana kwamba amechovya kwenye wino. Alikuwa akigeuza mikate huku akiwaza mambo yake, na asijue kwamba mikate aliyokuwa akiigeuza haikuwa yake.

"We kaka," sauti ya kike ikamwambia, "hiyo mikono umeiosha kweli?"

"Nimeiosha mara tatu."

"Basi maji ya kwenu ni ya buluu. Tazama ulivyoupiga chapa mkate wangu!"

Shadhili akatazama. Kweli, mkate ulikuwa na alama ya dole gumba, buluu tupu. Akainua macho ili aombe radhi, akaisahau radhi yenyewe. Msichana alivaa abaya jeusi kama wasichana wote, lakini kitambaa chake cha kichwani kilikuwa cha rangi ya chungwa, na chini ya taya, karibu na sikio, alikuwa na kipaku cheusi kama punje ya habasoda. Pua yake ilikuwa imepinda kidogo tu katikati. Kijana aliyeshinda maisha yake akichora nyuso za upande aliiona pua ile, akajua amekwisha.

"Chukua wangu," akasema.

"Wako umeungua."

"Basi chukua yote."

"Nikale nini, makaa? Wewe ni mwana wa nani, usiyejua hata kuchagua mkate?"

"Mimi Shadhili, mpwa wa Haji Nubi wa duka la mafunjo pale kivukoni. Nachora."

"Aa, wale wanaowauzia wazungu mafarao." Akacheka. "Mimi Rawhia, binti Tayibu."

"Ami Tayibu mlinzi? Mwenye ufunguo wa kaburi la mkuu wa ghala? Mbona nimepata kibali cha kwenda kunakili kwake kuanzia Jumamosi!"

Rawhia alikusanya mikate yake, ule wenye dole gumba akauweka juu. "Basi mpaka Jumamosi uwe umeoga," akasema, akaenda zake.

Mimi husema watu wa upande wetu tumelaaniwa kwa jambo moja: tunaishi kwa kuuza sura za watu waliokufa. Hatulimi sana, hatuvui. Baba anachonga, mwana anachora, mjomba anauza, na wezi wetu nao, Mungu awasamehe, walikata vipande vya kuta za makaburi kabla hatujazaliwa. Shadhili alikuwa bora kuliko wote wa rika lake. Ungeweka bata wa ukutani na bata wake kwenye karatasi ya mafunjo, usingejua yupi ni wa miaka elfu tatu. Lakini hakuwahi kubuni kitu. Tangu utotoni, mjomba wake alimpiga makofi kila mstari wake ulipopotoka, mpaka mkono ukasahau kwamba unaweza kwenda unakotaka.

Kaburi la mkuu wa ghala, mtumishi wa farao aliyezikwa ndani ya mlima na kuta zake zikachorwa, halina umeme. Mwanga wake ni wa kizamani: mtu husimama nje na kioo kikubwa, hulinasa jua na kulitupa mlangoni, na ndani ubao uliofungwa karatasi ya fedha hulipokea na kuligeuzia ukutani. Kazi hiyo ni ya mlinzi. Lakini bega la Ami Tayibu lilikuwa limeganda tangu majira ya baridi, hawezi kuinua hata sufuria, kwa hiyo aliyeshika kioo alikuwa binti yake. Mzee alikaa kwenye mkeka wake pale mlangoni, kilemba kimefunika macho, akikoroma. Nani angesema kitu? Baba yupo, mlango u wazi, kijana yumo ndani ya mlima, msichana yuko nje juani. Hawaonani hata kidogo. Wanasikizana tu.

"Sogeza kushoto!" Shadhili alipaza sauti.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwangu."

"Sikuoni, nitajuaje kushoto kwako kuko wapi?"

"Basi sogeza unakotaka, lakini niachie jua."

Mwanga ukatoweka. Chumba kikawa giza kabisa.

"Rawhia! Rudisha jua!"

"Omba vizuri."

"Rudisha jua, tafadhali, binti Tayibu."

"Vizuri zaidi."

"Rudisha jua, nuru ya macho yangu."

Kukoroma kukakatika. Wote wawili wakanyamaza, mmoja gizani na mmoja juani. Baada ya kitambo kukoroma kukaanza upya, na mwanga ukarudi polepole ukutani, ukitetemeka, kwa sababu aliyeshika kioo alikuwa akicheka.

Siku nyingine Rawhia aliuliza, "Leo umechora nini?"

"Bata."

"Na jana?"

"Bata pia."

"Kaburi zima bata! Baba naye tangu utotoni ananiambia hivyohivyo, humo ndani mna bata tu, usiingie."

"Ipo na karamu. Wapo wanawake watatu wanapiga muziki. Mmoja kinubi, mmoja filimbi, wa katikati gambusi. Huyo wa katikati hana kichwa."

"Kapatwa na nini, maskini?"

"Wezi walikikata, zamani za mababu zetu."

"Sema mababu zetu ndio waliokikata!"

Wakacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli, na Shadhili akarudi kwenye mistari yake. Rawhia hakuwahi kuingia chumba kile. Wageni kutoka pembe zote za dunia wamekiona, lakini wasichana wetu hawaingii, na wala hawaulizi kwa nini.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kazi ya kaburini ilipokwisha waliingia kwenye simu. Rawhia alipanda darini jioni kuwalisha njiwa, njiwa wakalishwa mpaka wakawa wazito wasiruke. Mipango ilikuwa imekamilika kati yao: miwa ikishavunwa, Shadhili atawaleta watu wake, mikono ishikwe, Fatiha ya posa isomwe.

"Nimekuchora," alimwambia jioni moja.

"Muongo."

"Wallahi. Mjomba alitaka karamu nzima. Anasema mgeni hanunui shimo, nijaze kile kichwa kilichokatwa. Nikakaa kuazima kichwa cha yule wa kinubi, mkono ukakataa. Ukaenda wenyewe. Pua yako, kidevu chako, mpaka kile kipaku. Rawhia, sijawahi kuchora kitu ambacho hakikuwa mbele yangu. Nilikuwa nikilia kama mwendawazimu."

Rawhia aliwarushia njiwa punje nyingine. "Nimependeza?"

"Umependeza hata naona wivu."

"Umenivalisha nini?"

"Shanga," akasema Shadhili kwa moyo mweupe. "Na ua la yungiyungi kichwani."

"Nionyeshe!"

"Siku ya harusi. Picha hii nimeiweka kando, mjomba nitamchorea karamu nyingine. Hii ndiyo zawadi yako, roho yangu."

Naomba msomaji amwelewe kijana huyu, kwa sababu sisi tulichelewa kumwelewa. Wapiga muziki wa kuta zile hawavai kitu ila ushanga kiunoni. Shadhili alikuwa akiwachora tangu ana miaka minane. Kwake kiuno kilikuwa mstari mmoja usiokatika, unaotaka pumzi ibanwe mpaka brashi ifike pajani. Kifua kilikuwa mkunjo mgumu ambao mjomba humpigia makofi ukikosewa. Muulize mwashi kama anaiona nyumba, atakwambia anaona matofali. Kwenye ukuta mzima palikuwa na mahali pamoja tu patupu, akapajaza kwa alichokipenda, na wala hakutazama chini ya shingo.

Mwezi ule mama yake Shadhili alizidiwa na figo, kijana akampeleka hospitali ya Kena, wakalala huko siku nyingi. Picha aliiacha kwenye karakana ya nyuma ya duka, imeviringishwa ndani ya kitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Haji Nubi alikuwa akitafuta gundi, akaigusa, akaifungua, akakaa kitako. Hajawahi kuona mkono wa mpwa wake ukifanya vile. Alikuwa mtu mwenye jicho, simnyimi haki yake. Ila jicho lake daima lilikuwa jirani na droo ya fedha. Siku ileile akavuka mto, akaipeleka kwa mpiga chapa, wakaichapa kwenye karatasi ya majani ya mgomba inayouzwa kwa jina la mafunjo. Kwa juma moja mpiga gambusi alikuwa kila mahali: madukani, mahotelini, mikononi mwa wachuuzi wanaokimbizana na mabasi ya watalii.

Kinawi, kaka yake Rawhia, alikuwa dereva wa gari la farasi upande wa mjini. Jamaa mzito wa maneno, mwepesi wa mkono, masharubu yake ameyachana kama anakwenda harusini kila siku. Asubuhi moja alipakia mzee wa kizungu na mkewe. Njiani, kama kawaida yao madereva, aligeuka kuwaonyesha hekalu, akamkuta yule bibi amekunjua karatasi magotini na kumwonyesha mumewe. Mwanamke uchi, na juu ya shingo ya mwanamke yule, pua ya mama yake marehemu na kipaku cha dada yake.

"Shukeni," akasema.

Hawakuelewa. Akawashusha katikati ya barabara, akainyakua ile karatasi, akampiga farasi mjeledi mpaka kivukoni.

Kioo cha duka la Haji Nubi kilivunjwa kabla ya adhuhuri, na paji la Haji mwenyewe likapata nyuzi. Jioni kila nyumba ilikuwa na habari. Wanawake walisema waliona siku nyingi, eti msichana anashinda makaburini na kijana. Wanaume walisema mtu huchora alichokiona. Hata waliokuwa hawajaiona picha walijua mpaka idadi ya shanga.

Shadhili alirudi kutoka Kena akiwa amembeba mama yake mgongoni, akakuta vioo barabarani.

"Kwa nini hukuniambia ni binti wa watu?" mjomba alimpokea kwa ukali, bendeji ikiwa kichwani.

"Kwa nini uliichukua?"

"Ilikuwa kwenye karakana yangu, imechorwa kwa rangi yangu!"

Shadhili aliinama. Aliokota nakala moja sakafuni, akaikung'uta vigae, akaitazama. Alitazama uso, kisha macho yakashuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona kwamba mwanamke yule yuko uchi. Aliikunja haraka, akaificha ndani ya kanzu.

Siku zilizofuata alizunguka kama kichaa, akinunua nakala na kuzichana, akiwasihi wachuuzi. Lakini kwetu kinachouzika asubuhi huigwa jioni. Karakana nyingine zilikuwa zimeshaichora upya kwa mkono, wengine kwenye mawe, wengine kwenye mikoba. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinawi alikuwa ameapa hadharani kwamba akimkuta atamuua, na kwetu kiapo cha namna hiyo hakitolewi kwa mzaha.

Rawhia walimnyang'anya simu. Siku ya nne alipiga kwa simu ya wifi yake, akiwa jikoni, maji yakimiminika ili sauti isitoke.

"Uliniuza kwa bei gani?"

"Rawhia, nisikilize..."

"Nakuuliza bei. Kaka anasema pale kivukoni wanatoa watatu kwa bei ya mmoja."

"Si mimi. Mjomba ameiba nikiwa Kena, naapa kwa mama yangu aliyelala hapa."

"Na ule uchi, ni mjomba pia?"

Shadhili akamtazama mama yake, akatoka nje.

"Sema!"

"Ule ni wangu. Lakini sikuuona, Rawhia. Ule mwili upo ukutani tangu enzi za mafarao, nimeuchora mara elfu. Kwangu mimi ni mistari tu."

"Ulisema shanga."

"Zipo shanga."

"Shanga tupu, Shadhili! Shanga tupu!" Alilia, kisha akajizuia. "Baba hatoki. Amekaa ameutazama ukuta. Kaka hanitazami usoni, kwa kuwa akinitazama anaona nini? Mwizi akikuibia kuku, unalala. Wewe umeniiba mimi mwenyewe." Akakata.

Alimchukia majuma mawili mazima, na kumchukia kulimchosha kuliko kumpenda.

Wazee waliona damu inakuja, wakaingia kati. Haji Nubi aliitwa, akakiri mbele yao kwamba picha aliichukua bila ruhusa. Lakini mkono ulioweka kichwa cha mtu juu ya mwili ule ulikuwa wa Shadhili, na kwa kosa la heshima kama kwa kosa la damu, sisi watu wa Saidi, watu wa kusini huku, tuna dawa moja: mkosaji huibeba sanda yake mikononi, miguu mitupu, kichwa wazi, huwaendea waliokosewa na kuwakabidhi. Wakitaka, wamzike nayo. Wakiipokea na kumsamehe, yameisha, na hakuna atakayerudi kuyafukua. Shadhili akakubali. Siku ikapangwa, Ijumaa baada ya swala.

Jana yake, alasiri, simu ikaita.

"Haya, mbeba sanda," sauti ikasema. Ilikuwa imekonda, lakini ilikuwa ya Rawhia, na ndani yake mlikuwa na ule utani wa zamani, umejeruhiwa lakini mzima.

"Habibti!"

"Usiniite hivyo, nitashindwa kusema. Nimesikia alichokiri mjomba wako. Nilikudhulumu, nisamehe."

"Mimi nikusamehe wewe? Dunia imepinduka."

"Sikiliza. Kesho wazee watataka kuyamaliza kwa ndoa. Nimemsikia baba akisema na Kinawi."

Shadhili alisimama. "Basi si ndilo tulilokuwa tunalitaka?"

"Tulilitaka kabla. Sasa nikiolewa na wewe watasema, mnaona? Kweli alimkalia amchore, akavua, ndiyo maana wamemfunika naye. Nitakuwa yule wa kwenye karatasi mpaka kufa. Watoto wangu wataitwa watoto wa picha. Na mdogo wangu Ihsani, nani atamposa?"

"Unataka niseme nini?"

"Sema si mimi. Sema ule uso umeunakili mahali."

"Kila mtu anajua ni wewe."

"Kila mtu anajua pia kwamba wachora nakala hawana uwezo wa kubuni. Ukisema wewe watakuamini."

"Rawhia," akasema taratibu, "nimechora tangu utotoni. Kitu kilichotoka kwangu mwenyewe ni kimoja tu."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza."

"Na mimi sijui kama nataka uweze," akasema Rawhia. Maji yakasikika yakimiminika muda mrefu, kisha simu ikakatika.

Ijumaa ile vumbi lilikuwa limefunga mlima. Turubai lilitandwa mbele ya nyumba ya Ami Tayibu, wanaume wakajaa mpaka barabarani. Shadhili alikuja katikati ya wazee wawili, kanzu nyeupe mpya, nyayo tupu, mikono ameinyoosha mbele na sanda imekunjwa juu yake. Mimi nimewaona wengi wakitembea mwendo huo, wengi wakiwa wameua. Sijamwona aliyekuwa mweupe midomo kama yeye.

Alipiga magoti. Kinawi alisimama juu yake. Wazee wakamwombea Mtume rehema kwa sauti, watu wakaitikia. Mwishowe Kinawi akaichukua sanda, akamshika kijana begani, akamwinua. Watu wakapumua.

"Tumesamehe," akasema, akimtazama mtu mwingine.

Hapo mkubwa wa wazee, mtu mnene mwenye sauti ya adhana, akanyanyua mkono. "Jamani, jambo likianza vizuri lifungwe vizuri. Kijana hana mke. Binti yupo. Tayibu, unasemaje?"

Ami Tayibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bega lake limeinama. Kwa mwezi mmoja alikuwa amezeeka miaka kumi. Akamtazama Shadhili. "Mimi nimechoka," akasema. "Akimtaka, amchukue. Tusome Fatiha sasa hivi."

Mikono ya wanaume ikaanza kufunguka kwa dua. Juu, dirisha lenye mbao lilikuwa limefungwa, na nyuma ya mbao zile kitambaa cha rangi ya chungwa kikapita. Shadhili alikiona. Neno moja tu lilikuwa limebaki baina yake na kila alichokiomba kwa Mungu. Lilikuwa neno fupi, na kila aliyekuwapo alikuwa akimsubiri aliseme.

"Ami Tayibu," akasema, "heshima uliyonipa ni kubwa, lakini binti yako mimi simjui."

Mikono ya dua ikabaki hewani. Kinawi akageuka.

"Alikuwa nje na kioo, mimi nilikuwa ndani. Sikuwahi kumtazama. Ule uso si wake. Umo kwenye kaburi lingine huko juu mlimani, limezibwa mawe siku hizi. Niliuchukua huko, nikauweka hapa. Kudhani nimemchora mtu kwa kichwa changu ni kunipa sifa nisiyo nayo." Akawageukia watu. "Ninyi mnanijua. Mimi ni mchora nakala. Sina kichwa cha kubuni uso. Sijawahi kuchora kitu cha kwangu."

Watu wakatazamana. Kisha mzee mnene akajipiga paja. "Lakini kweli! Wale wanawake wa ukutani si wote sura moja? Hata mke wangu, Mungu nisamehe, ukimtazama upande anafanana nao!"

Mtu akacheka, mwingine akafuata, na kicheko kikapita chini ya turubai. Kinawi aliushika uso wake kwa mikono miwili, akicheka naye. Naona mimi hapo ndipo jina la Rawhia liliposafishwa, kwenye kicheko kile, wala si kwenye sanda.

Ami Tayibu peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake mlangoni mwa kaburi majira mazima, kilemba kimefunika macho. Aliinuka kwa taabu, akamwendea Shadhili, akamwekea kichwani mkono wake mzima.

"Mimi huwa silali sana, mwanangu," akamwambia chini kwa chini. "Nenda. Mungu akulipe."

Magharibi Rawhia alipiga simu kwa mara ya mwisho.

"Nilikuwa dirishani," akasema.

"Nilikuona."

"Hukuniona. Hujawahi kuniona, umesema mbele ya watu wote."

"Nimesema."

"Umesema vizuri, roho yangu." Akavuta pumzi. "Shadhili, niambie kitu kimoja, kisha sitakuuliza tena. Ulipokuwa unachora, ulikuwa unalia kweli?"

"Nilikuwa nalia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliona naweza."

Rawhia alilia wa kwanza, kisha wote wawili, kila mtu upande wake. Halafu Rawhia akanawa uso, akamrudishia wifi yake simu. Ijumaa ya pili yake watu wa Armanti, mji wa jirani, walikuja kumposa, na Ami Tayibu akawasomea Fatiha.